Laptop Thelathini na Moja Zilizokataa Kulala

Garrick Pruitt aliisikia bahati yake kabla ya kuiona. Ilikuwa inavuma ndani ya begi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Januari, katika mkahawa wa Ekdal, Minnesota, mji ambao Garrick hakuwa na nia yoyote ya kuufahamu. Alikuwa safarini kwenda Tampa, kwenye jua, akitokea Winnipeg, ambako watu fulani walikuwa bado wanamtafuta kwa habari ya mabwawa ya kuogelea aliyowauzia kwa picha. Gari lake lilikuwa limegoma kwa baridi nje ya mkahawa, na mfukoni alibakiwa na hela ya supu na vijisenti vichache tu.

"Imeamka tena," alisema bibi wa meza ya jirani. Begi lake jeusi alikuwa amelikalisha kwenye kiti chake lenyewe, kama mgeni wa heshima. Begi likavuma, likanyamaza, kisha likatoa mlio mmoja mwembamba.

"Uliilaza?" mwenzake akauliza.

"Nimeilaza nyumbani, Verna. Nimeifunika, nimeitia begini, nimefunga zipu. Hebu shika hapa."

Verna akashika. "Mh, ya moto. Yangu juzi ilikuwa hivihivi. Nafika kanisani betri imekwisha kabisa, na mapishi yote ya mama mkwe yamo humo."

"Ni tangu uje huo mfumo mpya wa kompyuta."

"Wewe si ulisema huutaki?"

"Niliukataa. Ukaniuliza, nikasema hapana, asante. Kesho yake ukauliza tena, nikasema hapana, asante. Mara ya tatu nikanyamaza, ukajiweka."

Verna akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ulidhani unakataa kwa adabu."

Mtu mwingine angeendelea na supu yake. Garrick aliweka kijiko chini, akajipangusa mdomo, akavaa ule uso wake wa kazi, uso wa mtu aliyeona mengi na kuyasamehe yote.

"Samahani sana akina mama," alisema. "Sikusudii kusikiliza maneno ya watu. Lakini hiyo laptop si mbovu. Imekosa usingizi."

"Imekosa usingizi," Ardis akarudia. Hilo ndilo lilikuwa jina la mwenye begi: Ardis Skogmo, miaka sabini na saba, bingwa wa jiko la kanisa la Kilutheri kwa miaka arobaini.

"Ni ugonjwa. Mfumo mpya unapoingia, unaishtua. Inafumba macho lakini moyo uko macho. Nimezitibu nyingi. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kulaza kompyuta?"

"Kuzilaza, kuzibembeleza na kuziuguza, mama. Naitwa Halvorson. Garrick Halvorson. Babu yangu alilima huku huku."

Jina la Halvorson alikuwa amelisoma dakika hiyo hiyo kwenye kibao cha duka la mbegu ng'ambo ya barabara.

"Halvorson wa upande gani?" Ardis aliuliza.

"Upande wa juu," alijibu Garrick, ambaye miaka mingi ya utapeli ilimfundisha kwamba kila mahali pana upande wa juu.

"Wa juu," Ardis akasema taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Haya. Jumatano tunakutana ukumbini, chini ya kanisa. Njoo utuone. Tuko thelathini na mmoja."

"Thelathini na mmoja mnafanya nini, mama?"

"Tunaandika kitabu cha mapishi. Kanisa linatimiza miaka mia. Kila mtu anakuja na laptop yake."

Garrick akamaliza supu yake polepole, kwa heshima zote, kama mtu anayekula kwenye karamu aliyoandaliwa yeye. Kisha akatoka nje kwenye theluji, akampigia simu Dixie Rusk wa Fargo. Dixie alikuwa mnunuzi wa kompyuta asiye na tabia ya kuuliza maswali.

"Thelathini na moja?" Dixie alisema. "Zinafanya kazi?"

"Zinafanya kazi kupita kiasi. Hazilali."

"Jumanne ya wiki ijayo, saa kumi jioni, niko kwenye ghala langu. Saa moja usiku napanda ndege ya Tampa. Ukija na mzigo, kiti cha pembeni yangu ni chako. Usipokuja, nitakutumia kadi yenye picha ya mnazi."

Hivyo ndivyo mambo yalivyopangika. Kati ya Garrick na jua la Tampa kulikuwa na wabibi thelathini na mmoja tu, na katika maisha yake Garrick hakuwahi kushindwa na bibi. Aliwashinda wajane, masista wastaafu, hata hakimu mmoja wa kike, naye hakimu huyo alimshukuru.

*

Silaha yake ilikuwa pete. Hapo zamani Garrick alikuwa akiuza pete za sumaku za kuondoa maumivu ya mgongo, na moja ilimbakia kidoleni. Siku moja, akiwa anaandika barua ya uongo kwenye laptop yake, kioo kikazimika ghafla. Akainua mkono, akagusa kibonye kimoja, kikawaka. Akaushusha mkono pembeni ya vibonye, kikazimika tena. Alichunguza akaelewa: laptop hutambua kwamba imefunikwa kwa kuhisi sumaku ndogo iliyo kwenye kifuniko, na hiyo pete iliidanganya kwamba kifuniko kimeshuka. Garrick aliguswa sana. Alikuwa amekutana na mashine inayodanganyika kama binadamu.

Jumatano mchana ukumbi ulijaa. Kulikuwa na meza ndefu, birika kubwa la kahawa, mabakuli ya tambi na nyama ya kusaga yaliyofunikwa viazi, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini yake. Laptop thelathini na moja zilikuwa zimepangwa mezani, na baadhi zilikuwa zinavuma hata zikiwa zimefunikwa.

"Kahawa, Bwana Halvorson?" Ardis akamuuliza.

"Ndiyo, mama, asante sana," alijibu Garrick.

Ukumbi ukatulia kidogo. Yeye hakutambua. Pale Ekdal mtu akikaribishwa kahawa husema hapana, sitaki kukusumbua. Akikaribishwa tena husema basi, kama tayari ipo. Na mara ya tatu ndipo hukubali nusu kikombe. Kukubali mara ya kwanza ni kama kuingia nyumba ya mtu kupitia dirishani. Lakini hakuna aliyesema neno, kwa sababu kusema neno nako ni utovu wa adabu.

Orrin, mumewe Ardis, mzee mrefu aliyetengeneza mashine za kukamulia maziwa maisha yake yote, alimsogezea sukari. Garrick akakoroga. Alipoutoa mkono kikombeni, kijiko kilikuja nao, kikining'inia kwenye pete. Garrick akakibandua haraka huku anakohoa. Orrin akatazama dari kwa adabu kubwa.

"Sasa tazameni," alisema Garrick, akasimama mbele ya laptop ya Ardis. "Hii hapa haijalala vizuri kwa wiki tatu. Msiiseme vibaya, inasikia." Akanyoosha kiganja juu yake, akaipapasa pembeni ya vibonye kama mtu anayembembeleza mtoto. "Tulia. Tulia, mama. Umechoka. Shiii."

Kioo kikafifia, kikazimika.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Verna akashika mkufu wake. Garrick akaenda kwa ya pili, ya tatu, ya nne; popote kiganja kilipopita, laptop zilisinzia. Kazi ya mikono yake mwenyewe ilimfurahisha hata akasahau kwa dakika nzima kwamba alikuwa anatapeli.

Katika furaha hiyo akafanya jambo jingine. Mezani kulikuwa na sahani ya keki ya limau, kimebaki kipande kimoja. Kipande kile kilikuwa kimekatwa nusu, nusu ikakatwa nusu, kila anayepita anachukua kidogo na kuacha kidogo, maana pale hakuna mtu mwenye akili timamu anayemaliza kitu cha mwisho kwenye sahani. Garrick akakichukua chote, akakitupia mdomoni, akalamba kidole.

Ukumbi ukatulia mara ya pili, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Hilo," Ardis akasema, "ni tofauti kidogo."

"Asante, mama," alisema Garrick. Laiti angejua. Watu wa Ekdal hawagombani, hawapigi kelele, hawamwiti mtu mwizi. Wakiona jambo la aibu kuliko yote husema ni tofauti kidogo. Mara ya mwisho Ardis kutamka maneno hayo, mchungaji aliomba uhamisho.

Hapo Verna, katika kugeuka, akagusa kipanya kilichokuwa mezani. Laptop ya Ardis ikawaka, ikalia ting.

"Imeamka," alisema Ardis.

"Ndiyo, hiyo ni..." Garrick alianza.

"Umeilaza sasa hivi, mwanangu. Imeamka kwa kuguswa kipanya tu."

Jozi thelathini na moja za macho zikamgeukia. Kwa mara ya kwanza Garrick aliiona Tampa ikirudi nyuma.

"Nimeilaza usingizi mwepesi," alisema. "Wa majaribio. Usingizi mzito nautia Jumamosi. Lazima kwanza nikaandae dawa."

"Jumamosi ni vizuri," Ardis akasema. "Mimi nitaandika kila hatua. Kitabuni huwa tunaandika kila hatua, mtu asije akapika akakosea."

*

Ikambidi Garrick Pruitt afanye jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe: kusoma kuhusu kazi yake. Alhamisi na Ijumaa alishinda maktaba ya mji, karibu na kipasha joto, na laptop yake mwenyewe mbele yake, nayo ilikuwa na ugonjwa ule ule. Alisoma malalamiko ya watu wa kila pembe, wote wakilia kilio kimoja: mfumo mpya umeingia, laptop haikubali kulala. Mmoja alisema yake ilikaribia kuunguza shati. Mwingine alikuwa anailaza kwa kuchomoa betri, kwa hasira.

Mkutubi akapita akigawa kahawa. Garrick alikuwa ameshaanza kuhisi kwamba kuna jambo analikosea kuhusu kahawa, hivyo akawasikiliza wengine wanavyojibu. Alipokaribishwa akasema hapana, asante. Mkutubi akatabasamu, akamkaribisha tena. Mchezo huo ulimpendeza, akaumaliza vizuri kwa nusu kikombe.

Kufikia Ijumaa jioni alikuwa ameelewa, na alichoelewa kilimkera kwa wepesi wake. Mfumo mpya ulipoingia uligeuza mipangilio ya watu bila kuwaambia. Uliruhusu kipanya kuamsha kompyuta, uliuruhusu mtandao kuiamsha, uliweka saa ya kuiamsha yenyewe ijihudumie, na ukaiambia kwamba mtu akishusha kifuniko si lazima ilale. Kazi ilikuwa kuondoa alama nne tu. Dakika tano. Garrick alijaribu kwenye laptop yake, akaifunika, akaitia begini, akakaa kuisikiliza nusu saa nzima. Kimya. Alijikuta anatabasamu peke yake kama chizi.

Jumamosi alisimama tena ukumbini.

"Leo hatubembelezi," alisema. "Leo tunahoji. Mama Ardis, nisogezee ya kwako. Naiandikia hapa amri moja, naiuliza: nani amekuamsha mara ya mwisho?"

"Nayo itajibu?" Verna aliuliza.

"Itataja jina."

Wabibi wakasogea wote kwa pamoja, kwa maana kwa watu waliozoea miaka mingi ya kutaka kujua nani kafanya nini na wasiulize, hii ilikuwa mashine ya ajabu. Garrick akabonyeza. Maandishi yakatokea.

"Kipanya," alisoma.

"Nilijua," alisema Verna. "Tangu mwanzo sikukipenda."

"Ulize yangu," mwingine akasema.

Ya huyo iliamshwa na mtandao. Ya Orrin iliamshwa na saa, kila siku saa nane mchana, wakati yeye mwenyewe ndipo anapolala, na Orrin akalichukulia hilo kama dharau ya makusudi. Garrick alizunguka meza yote, akionyesha alama ya kuondoa hapa, ya kubadili pale, na Ardis akafuata nyuma yake na kalamu. Aliandika kama anavyoandika mapishi: kwanza fungua, halafu ondoa, usiharakishe, acha itulie. Baada ya saa mbili laptop thelathini na moja zilikuwa zimefunikwa mezani na hakuna hata moja iliyovuma. Wakapiga makofi. Garrick akapata joto kifuani ambalo halikutokana na kipasha joto, akaliogopa, akaamua kumaliza kazi haraka.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Hiyo ilikuwa dawa. Imebaki kuuguza. Laptop iliyokosa usingizi wiki tatu haiponi siku moja. Inahitaji siku saba za utulivu kwenye kliniki yangu ya Fargo, mahali pasipo kelele wala mtandao. Ikikatizwa tu, ugonjwa unarudi na kitabu chenu kinapotea."

Garrick akaingiza mkono mfukoni.

"Jumanne nitapita kuzichukua. Mimi sitazigusa. Kila mmoja atailaza nyumbani kwake, kwa mkono wake, ataitia begini, atabandika lakiri hii." Akagawa vibandiko vyekundu alivyonunua duka la vifaa vya shule. "Begi lisifunguliwe na mtu yeyote mpaka kliniki. Hata mimi mwenyewe njiani sitalifungua. Hapo mtajua mnashughulika na mtu mwaminifu."

Kipengele hicho cha uaminifu alikibuni papo hapo, na kilimpendeza sana. Hakuna kinachomfanya mtu akupe mali yake kama kumwambia hutaifungua.

Ardis akaitazama lakiri kwa muda.

"Siku saba," alisema. "Hiyo ni tofauti kidogo."

"Mnanipa sifa nyingi mno, mama," alisema Garrick.

*

Jumanne saa tano asubuhi gari lake liliwaka kwa mara ya kwanza bila kugoma. Orrin, bila kuombwa, alikuwa amelichomeka waya wa kupasha injini kwenye ukuta wa kanisa tangu alfajiri. Hakusema kitu; alichomoa, akauviringisha waya vizuri, akaomba radhi kwamba ni mfupi.

Mabegi thelathini na moja yalipangwa kwa mstari mlangoni, kila moja na lakiri yake nyekundu. Yalikuwa mazito, uzito wa kuuridhisha mkono. Garrick aliyabeba mwenyewe kwa upole, huku wabibi wanamwangalia na Verna anamwambia apinde magoti asije akaumia mgongo.

Kilichobaki ni kuondoka, na hapo ndipo nusura mambo yaharibike, kwa sababu Ekdal mtu haondoki tu. Unasema sasa niende, mnakaa. Unasimama, mnaongea dakika ishirini mmesimama. Mnafika mlangoni, mwenyeji anakumbuka kukuuliza habari za mama yako. Mnafika kwenye gari, anaegemea dirisha. Garrick aliaga saa sita. Ilipofika saa saba na nusu bado alikuwa anaagana, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na Dixie alikuwa anamngoja Fargo.

"Chukua na chakula cha njiani," alisema Ardis dirishani, akimpa sinia la bati lililofunikwa karatasi ya kung'aa.

Garrick alitaka kulinyakua na kukanyaga mafuta. Lakini alikuwa ameshajifunza. "Hapana, mama. Nisikusumbue."

Ardis akamtazama kwa namna mpya. "Kidogo tu, mwanangu."

"Basi wape wengine kwanza."

"Chukua. Ufungue ukishafika."

"Kama ni hivyo, sawa," alisema Garrick, akalipokea kwa mikono miwili. Kisha, bila yeye mwenyewe kujua kwa nini, akaivua ile pete akampa. "Ukumbusho, mama. Ni ya babu. Wa upande wa juu."

"Najua upande wenyewe," alisema Ardis, akaiweka mfukoni mwa aproni.

Barabara ya kwenda Fargo ilikuwa nyeupe na nyoofu, na Garrick aliendesha akiimba. Ilipopita nusu saa akaacha kuimba, akasikiliza. Nyuma kulikuwa na mabegi thelathini na moja, na hakuna lililovuma. Hakuna lililolia ting. Ilipita saa nane mchana, saa ile ya Orrin, saa ambayo laptop yake iliamka kila siku ya Mungu. Kimya. Garrick akapunguza mwendo ili asikie vizuri zaidi. Aligonga shimo barabarani, mabegi yakagongana, hakuna iliyoamka.

"Nimeziponya," alijiambia. "Mimi. Kwa kusoma."

Wazo hilo lilimtia wazimu wa furaha. Alijiona na duka, na kibao: Halvorson, Mtabibu wa Kompyuta Zisizolala. Aliwaona wabibi wa jimbo zima wakipanga foleni, yeye akisema hapana, asante kwa kahawa yao. Kwa kilomita ishirini nzima alifikiria, tena kwa dhati, kugeuza gari na kuwarudishia. Kisha akaikumbuka Tampa, na kiti cha pembeni ya Dixie, akakanyaga mafuta. Aliumia, lakini alikanyaga. Ila alijiapiza kwamba siku moja, akiwa na hela, atawatumia salamu.

*

Aliingia ghala la Dixie saa kumi kasoro dakika tatu.

"Hazitoi hata sauti," alimwambia akishuka. "Weka sikio hapa. Mzigo mzima umelala fofofo."

Dixie, mwanamke mwembamba mwenye koti la manyoya na tiketi mbili zikichungulia mfukoni, akainamia begi la kwanza. "Mbona kweli," alisema. "Umezifanyaje?"

"Utaalamu."

Dixie akachana lakiri, akafungua zipu, akatoa vitabu viwili vya nyimbo za ibada, jalada la kijani, kingo zimechakaa.

Akafungua la pili. Vitabu viwili vya kijani. La tatu hivyo hivyo. Garrick alimsukuma pembeni akaanza kuyararua mwenyewe, la kumi, la ishirini, mpaka la thelathini na moja, na sakafu ikajaa nyimbo za miaka hamsini iliyopita. Dixie alikuwa ameanza kucheka tangu begi la tano. Kufikia la kumi na mbili alikuwa ameketi chini akishika mbavu.

"Zimelala," alisema, akifuta machozi. "Umesema zimelala fofofo."

Garrick akaenda kwenye gari kama mtu anayetembea ndotoni, akaleta bati la Ardis. Chini ya karatasi ya kung'aa kulikuwa na sahani, na ndani ya sahani kipande kimoja cha keki ya limau, na barua iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, herufi safi za bibi.

"Bwana Halvorson, kama ndilo jina lako," Dixie akaisoma kwa sauti, kwa kuwa Garrick hakuweza. "Kwanza tunashukuru. Laptop zote zinalala vizuri tangu Jumamosi, hakuna iliyoamka, na kitabu kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa. Hatua zako nne tumeziweka ukurasa wa mwisho, baada ya keki, kwa jina lako. Pili, tunashukuru kwa vitabu. Tulipata vipya miaka kumi na moja iliyopita, na hivi vya zamani vikabaki chumba cha tanuri. Kuvichoma tuliona vibaya, kuvitupa tuliona vibaya, na kamati imekutana mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Wewe umevibeba mwenyewe, tena ukakunja magoti. Tatu, Orrin anasema pete ni sumaku, aliona siku ya kijiko. Hatukusema kwa sababu hatupendi kelele. Ulipochukua kile kipande cha mwisho, tulijua kwamba hakuna Halvorson hata mmoja anayefanya hivyo, hata wa upande wa juu. Hiki hapa nacho ni cha mwisho. Safari hii tunakuruhusu ule chote. Sahani ina jina langu chini. Ukipita huku irudishe, kahawa ipo. Ardis Skogmo."

Dixie akakunja barua. Alichomoa tiketi moja mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Nakuhurumia," alisema. "Lakini hiki kiti nitakiwekea koti langu." Kisha akaiona sahani. "Hiyo keki je? Utakula?"

Garrick aliitazama keki. Alikuwa na njaa tangu asubuhi, hana hela, hana pete, na baridi ya Fargo ilikuwa inapenya chini ya mlango. Kipande kilikuwa kikubwa, cha njano, chenye sukari ya unga juu, naye alikuwa ameruhusiwa kwa maandishi. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakikata katikati, akamsogezea Dixie nusu.

Dixie akaila kwa mara moja. "Tamu. Na hiyo yako?"

Garrick akaiinua sahani kidogo, akasoma jina la Ardis kwenye utepe uliobandikwa chini, akairudisha mezani taratibu. Akashika kisu, akaikata ile nusu katikati, akala upande mmoja, akauacha mwingine.

"Unafanya nini?" Dixie aliuliza.

"Sijui," alisema Garrick, na akakikata tena kile kilichobaki.